Diski Niliyoichagua kwa Jicho la Pamba

Mtu akiniuliza mashine gani ya kuchomea DVD inafaa kwa matumizi ya nyumbani, na diski tupu anunue za namna gani, namjibu mpaka achoke yeye. Bariadi nzima hakuna aliyetengeneza diski nyingi nzuri kuliko mimi, na hakuna aliyeharibu nyingi kuliko mimi. Namwambia aache kutazama rangi. Namwambia achome polepole, akae aangalie kazi yake mpaka mwisho, na kanda ya kamera asiifute hata kama anaihitaji kesho yake. Watu wananisifu kwamba nina ujuzi. Nilikoupata sijamwambia mtu.

Shule niliishia darasa la nne, na sisemi hivyo kwa aibu. Niliosoma nao wakaendelea mbele leo wanakuja dukani kwangu kuulizia nafasi za kazi kwa watoto wao. Mimi nilianza na mgongo, nikibeba marobota kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Serikali ilipofungua mlango, wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kugombania pamba na ushirika, upande wa kwetu Kasoli mtu wa kwanza kushika mizani ya tajiri nilikuwa mimi. Tajiri aliniamini kwa sababu ya jicho. Mkulima akifungua gunia lake, sikuhitaji hata kuingiza mkono. Nilitupa jicho tu, nikasema hii safi, hii fifi. Safi ni ile nyeupe, kavu, haina jani. Fifi ni iliyonyeshewa au kuharibiwa na wadudu, rangi yake kama maziwa yaliyolala. Misimu mingi nilifanya kazi hiyo na hakuna aliyeweza kunirudisha nyuma akasema nimekosea daraja.

Pamba ndiyo iliyoninunulia kamera ya video. Nikapiga harusi, nikapiga ubatizo, lakini kilichonitoa hasa ni ngoma. Baada ya mavuno vikundi vyetu vinashindana, na Wasukuma waliohama na ng'ombe zao kwenda Rukwa, Usangu, mpaka Kilombero, walikuwa na njaa ya kuona ngoma za nyumbani. Wana televisheni ndogo porini, wanaiwasha kwa betri ya gari. Mwanzo niliwapelekea kanda zile kubwa. Halafu deki za DVD zikaingia na bei zikashuka, kila mtu akataka sahani. Hivyo ndivyo wazee walivyoziita, sahani.

Kaka yangu mkubwa alikuwa mmoja wa waliohama. Alichukua ng'ombe wa baba kwenda kuwachungia malishoni upande wa Maswa mwaka wa ukame, kisha hakurudi. Tukasikia yuko Rukwa. Katika ng'ombe wale walikuwamo waliotolewa mahari ya dada zetu wawili, ng'ombe ambao baba alikuwa amewapangia kazi nyingine. Baba aliwaita wazee wa ukoo, akasema mbele yao kwamba mtoto huyo asikanyage udongo wa kaburi lake.

Kwetu neno la namna hiyo halifutwi na mtu mwingine. Hata mama, enzi za uhai wake, hakuweza. Aliyelisema ndiye anayelitoa, na analitoa kwa maji. Anaweka maji kinywani, anamtaja mtu kwa jina, anayapuliza kumwelekea. Kanisani tunakwenda, baba mwenyewe alikuwa mkristo wa miaka mingi, lakini hilo la maji hakuna aliyethubutu kulifanyia mzaha.

Miaka ikapita. Baba akavimba miguu, hawezi kufika hata zizini bila kushikwa. Siku moja asubuhi nilikwenda kumsalimia, naye hakungoja nimalize mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi.

"Wewe," akasema, "si ndiwe unayewapeleka watu Rukwa ndani ya sahani?"

"Ndiye mimi, baba."

"Basi nipeleke na mimi."

Sikuuliza anakwenda kwa nani.

Mpaka wakati huo kompyuta nilikuwa nayo, lakini mashine ya kuchomea sikuwa nayo. Kanda zangu nilizipeleka Mwanza zikahamishiwe kwenye diski na mtu wa huko. Maneno ya baba yangu sikutaka yakae kwenye kompyuta ya mtu Mwanza, wateja wanapita wanayasikiliza. Kwa hiyo nikapanda basi kwenda kununua mashine yangu mwenyewe.

Dukani alikuwepo binti mmoja, mpole, anaongea taratibu. Akaniwekea mashine mbili juu ya meza.

"Hii ina waranti ya mwaka mzima, ila mwendo wake ni wa kawaida," akasema. "Hii nyingine inakimbia, bei iko chini, waranti haina."

"Ya haraka inakuwaje rahisi?"

"Hapo ndipo ujiulize, baba."

Mteja mwingine aliyekuwa nyuma yangu akacheka. Nilimwambia yule binti kwamba mimi nina nyumba mbili za bati Bariadi mjini, zote nimezijenga bila kuambiwa nijiulize. Nikachukua ile inayokimbia.

Zikaja diski. Makopo mawili, kila moja diski hamsini. Za kwanza uso wake wa kijivu, zimeandikwa maandishi ya kuchosha, na chini zina rangi nzito ya bluu kama wino. Za pili uso mweupe kabisa, na chini kuna zambarau jepesi linalokuonyesha mkono wako ng'ambo. Nikatoa moja ya kila kopo, nikaenda nazo mlangoni kwenye mwanga, nikazigeuza kama ninavyogeuza pamba kiganjani.

"Hii safi," nikasema. "Hiyo yenu ya kijivu ni fifi."

"Fifi ndiyo nini?"

"Binti, wewe huijui pamba."

"Kweli siijui. Lakini hizo nyeupe zinarudi, baba. Watu wanazirudisha hapa. Za kijivu sijaona ikirudi hata moja."

"Wanaozirudisha hawajui kuchagua."

Akanifungia. Alipokuwa akiweka kwenye mfuko aliniambia neno moja zaidi, na ninaweza kulirudia mpaka leo. "Basi uchome polepole. Mashine itakuuliza mwendo, weka nne, iache ijivute. DVD inaandikwa kutoka katikati kwenda pembeni. Ukiikimbiza, ya pembeni ndiyo inayokuja kuharibika."

Nikamjibu kwamba mimi sijapata chochote kwa kujivuta. Nilipofika kituo cha basi bado nilikuwa nacheka peke yangu kwa furaha, nikaeleza abiria niliyekaa naye jinsi wanavyouza takataka kwa watu wasio na jicho.

Kazi ya kamera niliifanya vizuri, hilo hata kaka yangu hakulikataa. Nilianzia njiani, nikapiga mashamba, pamba imeanza kupasuka. Nikapiga zizi na ng'ombe mmoja mmoja. Nikawapanga watu wa nyumbani, kila mmoja amsalimie kaka: dada zetu wamepiga goti, shemeji zake, watoto wa ukoo aliowaacha wakinyonya na sasa wana ndevu. Shangazi alicheza hatua mbili tatu, akasema, "Angalia, miguu bado ninayo, wewe huko umenenepa tu." Wote wakacheka. Saa nzima ikaisha na watu wanaendelea kusalimia.

Mwisho nikamweka baba kwenye kiti chake kivulini mwa ukuta. Akasema watu wote watoke, abaki mwenye mashine tu. Hata dada zangu wakatoka.

Alianza kwa hasira. Aliwataja ng'ombe wale kwa rangi zao, mmoja baada ya mwingine, yule mwekundu mwenye baka jeupe, yule mweusi wa pembe moja, akasema kila mmoja alikuwa wa kazi gani. Alimwita kaka mwizi. Alilirudia neno hilo mara tatu, na mimi nyuma ya kamera nikaona haya kama mimi ndiye niliyeiba. Akanyamaza kwa muda mrefu. Nilidhani amemaliza, nikataka kuzima, akaniinulia kidole.

"Lete maji."

Nikampa kibuyu. Akaweka maji kinywani, akamtaja kaka kwa lile jina la utotoni ambalo ni mama tu aliyekuwa akilitumia, kisha akayapuliza moja kwa moja mbele yake. Kioo cha kamera kikalowa. Akasema, "Neno nimelitoa, ng'wanone, mwanangu. Njoo unizike. Ukanyage." Akajifuta mdomo. "Zima sasa."

Nilizima, nikafuta kioo kwa shati langu, sikuweza kumtazama.

Jumamosi ile mchana nikakaa nyumbani kwangu mjini kuchoma. Kulikuwa na jamaa wa Zagayu anayesafiri kesho yake kwenda Mpanda kuuza ng'ombe, huyo ndiye angeibeba. Mashine ikaniuliza mwendo. Nikaweka kumi na sita. Chai yangu haijapoa, diski imetoka. Nikaitia kwenye deki, nikaona mashamba, nikaona zizi, nikamwona dada amepiga goti, picha inang'aa kuliko za Mwanza. Nikasema moyoni yule binti aje aone. Nikaitoa, nikaifunga kwenye karatasi, nikampelekea jamaa. Sikuangalia mpaka mwisho. Nimejiuliza sana kwa nini, na jibu si haraka peke yake. Sikutaka kumsikia baba akisema mwizi tena.

Jumapili nilikuwa na harusi. Kompyuta ilikuwa imejaa, nikafuta picha zote za nyumbani ili kupata nafasi. Kanda zilikuwa ghali, na sisi wapiga video wote tulikuwa na desturi hiyo: kazi ikishakwenda kwenye diski, kanda inapigwa tena. Nikaiweka ileile. Bibi harusi akapita na shela lake juu ya sauti ya baba yangu.

Baada ya hapo tukangoja. Kila nilipofika nyumbani, baba aliuliza, "Amesemaje?" Nikawa namwambia njia mbaya, mvua, jamaa hajarudi. Jamaa alirudi baada ya zaidi ya mwezi. Nilimfuata mwenyewe Zagayu.

"Kaka yako nilimkuta," akasema. "Niliporudi kumuaga nikamuuliza kama ana neno la kutuma. Akaniambia, waambie nimesikia."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

Nikampelekea baba neno hilo kama lilivyo. Akaligeuza kichwani. "Amesikia," akasema. "Basi atakuja." Kuanzia siku hiyo alitaka kiti chake kigeuzwe kielekee njia.

Alifariki wakati wa palizi. Nilipiga simu kwa mwenye duka mmoja Mpanda, akatuma mtu wa pikipiki mpaka porini kwa kaka, na jibu likarudi kwamba taarifa imefika. Tukachelewesha maziko siku mbili kwa ajili yake. Kila basi lililoshusha watu barabarani, dada zangu walisimama. Siku ya tatu wazee wakasema maiti haiwezi kungoja zaidi, tukazika.

Pale msibani watu walimsema kaka, na aliyemsema zaidi ni mimi. Nilisimama nikatangaza kwamba baba amekufa akitazama njia kwa ajili ya mtu asiye na moyo, na kwamba kuanzia leo sina kaka. Watu waliguna kunikubali. Mimi ndiye niliyegharamia jeneza, mimi ndiye niliyelisha msiba, kwa hiyo hakuna wa kunizuia.

Nilipomaliza msimu wa kununua pamba nikamfuata Rukwa nimgombeze uso kwa uso. Siku mbili za basi, kisha pikipiki kutwa nzima. Nilimkuta anamnywesha ndama dawa. Amezeeka, kichwa cheupe. Alinisalimia kama mgeni wa heshima, mkewe akaniletea maji ya kunawa, mbuzi akachinjwa kabla sijasema nilichojia. Tulipokwisha kula, nikalisema lote.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakubishana. Akaingia ndani, akatoka na ile diski ikiwa bado kwenye karatasi yangu, akaunganisha betri, akawasha televisheni.

"Kaa," akasema. "Tuangalie wote."

Mashamba yakapita. Zizi likapita. Alipotokea shangazi na hatua zake, kaka alitabasamu kidogo, na mkewe nyuma yetu akacheka. Ilionekana wameiangalia mara nyingi. Kisha baba. Ng'ombe wale kwa rangi zao. Mwizi. Mwizi. Mwizi. Baba akanyamaza, akakaa hivyo, na picha ikaanza kukatika vipande kama vigae. Uso wake ukagawanyika, ukaganda. Deki ikalia krr, krr, ikarudi mwanzo kwenye mashamba.

"Ndipo inapoishia," kaka akasema. "Nimeifuta na pamba, nimeifuta na mafuta ya taa, nimeipeleka kwa jirani mwenye deki mpya. Inaishia hapohapo."

"Haijaishia hapo. Kaka, haijaishia hapo. Aliomba maji."

Nikamweleza. Nilimweleza kibuyu, jina la utotoni, kioo kilivyolowa, neno ukanyage. Niliongea mpaka sauti ikakauka. Yeye alikuwa akitazama chini.

"Nani mwingine alikuwepo?" akauliza.

"Mimi tu. Wengine aliwatoa."

"Wewe tu."

"Mimi tu, kaka. Niamini."

Akasema kwa upole, kama mtu asiyetaka kuumiza: "Mdogo wangu, wewe tangu utoto maneno yako yanazidi kimo chako. Ulituambia ulimshinda mbio mtoto wa mwalimu, kumbe siku hiyo hukwenda shule. Ulituambia tajiri wa pamba anakuita mwanangu. Ni mambo ya kucheka, tulicheka. Hili si la kucheka. Nikikanyaga pale kwa maneno yako, na kumbe umetunga ili kunifurahisha, nani atakayekufa? Ni watoto wangu hawa."

Nikamwambia, "Basi mimi nitakupulizia maji kwa niaba ya baba." Akatikisa kichwa. Mdogo hampulizii mkubwa, nilijua hilo kabla sijamaliza kulisema.

Aliniachia diski niondoke nayo. Nilijaribu kila deki ya Mpanda, nikajaribu zote za Bariadi, nikaenda nayo Mwanza. Binti wa duka hakunikumbuka. Aliielekeza kwenye taa, nami nikaona mwenyewe: pembeni, kuzunguka ukingo wote, zambarau lilikuwa limepauka kama kitambaa kilichoanikwa sana juani.

"Uliweka mwendo gani?" akauliza.

"Kumi na sita."

Akanirudishia mkononi. "Pole, baba." Nikanunua kopo la diski za kijivu na ile mashine yenye waranti, nikarudi nyumbani. Tangu hapo naangalia kila harusi ya kila mtu mpaka mgeni wa mwisho anapoondoka ukumbini. Wateja wanasema hakuna mwangalifu kama mimi katika mkoa huu, na ni kweli, hakuna.

Wazee wa ukoo nao niliwaeleza. Wakasema wananiamini, lakini hawana la kufanya. Neno walilolisikia wenyewe kwa masikio yao ni lile la kwanza.

Miaka kadhaa baadaye kaka alikuja. Binti wa dada yetu alikuwa anaolewa Lalago, akaja kwa harusi hiyo. Kutoka pale mpaka kwetu, kwa gari, hata nusu siku haifiki. Nilimfuata mimi. Nilikwenda na gari langu jipya, matairi mapya, nikaliegesha mahali atakapoliona. Kesho yake ya harusi, asubuhi, tulikaa nje ya nyumba ya wakwe, tumewekewa ugali na maziwa ya mgando. Sikumwambia twende. Funguo zilikuwa mezani, kati ya bakuli lake na langu.

"Mmemjengea?" akauliza.

"Nimemjengea. Saruji, vigae juu. Hakuna kaburi kama lile Kasoli nzima."

"Vizuri." Akanawa. "Kichwa mmekielekeza wapi?"

Nikamwonyesha kwa mkono, hewani, jinsi alivyolala. Akanitaka nirudie, hakuelewa miguu iko upande gani. Nikasimama kabisa, nikageukia njia ya Maswa, nikamwonyesha tena: hapa kichwa, hapa miguu, hapa pembeni yake ni mama. Alitazama upande ule. Nikamwona anapima kwa macho mlima, miti, barabara inapopotelea. Kisha akavuta kiti chake kidogo, akakigeuza, na akala ugali wake wote akiwa ameelekea huko.

Jioni akapanda basi la kurudi.